Wafu Tisa kwa Moyo Mmoja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukutana na daktari anayefanya kazi yake.

Vyeti vyote vya afya nilivyowahi kupata maishani nilivipata kwa mdomo. Unaingia, unaulizwa kama wewe ni mzima, unajibu ndiyo, muhuri unapigwa. Safari hii nilihitaji cheti kwa ajili ya mbio za kilomita ishirini, nikaingia katika zahanati ndogo karibu na shule, nikiwa tayari kabisa kujibu ndiyo. Nikamkuta daktari kijana, mwanamke mwenye miwani, ametoka masomoni juzi juzi na bado anaamini kila kitu alichofundishwa. Alinishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake. Akaitikisa ile saa, akatazama tena. Kisha akabadilisha mkono. Mkono wa pili nao ulikuwa wangu, kwa hiyo jibu halikubadilika: mapigo arobaini na mawili kwa dakika.

Akaniuliza kama huwa nazimia. Nikamwambia huwa nakimbia. Mimi ni mwalimu wa hesabu, umri wangu miaka arobaini na minane, na kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimekimbia mara nne kwa juma kutoka kwangu Hewa Bora hadi Kasapa, kule kwenye chuo kikuu, na kurudi kabla ya kengele ya shule. Sijawahi kushinda chochote. Nilikimbia kwa sababu hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Mke wangu alipenda kunikumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, nami nilimjibu kila mara kwamba siendi haraka, naenda mbali.

Muhuri sikupewa. Nilitumwa kupigwa picha ya kifua, kisha ekografi ya moyo. Unalala kwa ubavu wa kushoto, unapakwa mafuta baridi, kifaa kinapitishwa juu ya mbavu, na kwenye kioo unaona kitu chenye kiza na mwanga kikifumba na kufumbua. Huyo ndiye mimi, niliwaza, na nikampenda papo hapo. Daktari alipima, akaandika, akapima tena. Chumba cha kushoto cha moyo wangu kilikuwa kikubwa kuliko kawaida, na ukuta wake ulikuwa na unene wa milimita kumi na tatu.

Alinieleza vizuri, lazima nikiri. Moyo ni msuli, na msuli ukifanyishwa kazi unakua. Kwa mtu anayekimbia masafa marefu miaka na miaka, damu nyingi inarudi moyoni, basi chumba kinapanuka ili kuipokea, na ukuta unanenepa ili kuisukuma. Ndiyo maana mapigo yanapungua: mwenye beseni haendi bombani mara nyingi kama mwenye kikombe. Huo ni moyo wa mkimbiaji, nao ni mzima. Lakini kuna ugonjwa wa kurithi ambao pia unanenepesha ukuta wa moyo, na mwenye nao anaweza kuanguka njiani siku moja bila kuaga. Kwenye milimita kumi na tatu, alisema, mioyo hiyo miwili inafanana kama mapacha.

Njia ya kuwatambua mapacha ilikuwa rahisi. Niache kukimbia kwa miezi mitatu. Moyo wa mkimbiaji ukipumzishwa unapungua, ukuta unarudi nyuma. Moyo mgonjwa haujali, unabaki ulivyo. Baada ya hapo atapima tena, na kama ukuta umepungua, nitakimbia mpaka nizeeke. Kama haukupungua, sitakimbia tena kamwe.

Kosa la pili lilikuwa kumweleza mke wangu yote hayo.

Kaka yake mkubwa alikufa miaka sita iliyopita, akiwa na miaka thelathini na tisa. Walisema moyo wake ulikuwa umevimba. Alikuwa amebeba mfuko wa saruji, akautua, akaukalia, basi. Kwa hiyo mke wangu aliposikia kwamba moyo wangu umekuwa mkubwa, alikaa juu ya gunia la makala, yaani mkaa, akiwa na kitenge chake cha kanisani, na hakusikia tena nilichosema.

"Ni kama ya yaya," akasema. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. "Iko ile ile."

Nilimweleza habari ya mapacha. Nilichora hata mchoro nyuma ya daftari la mwanafunzi. Lakini ukimtajia mwanamke aliyemzika kaka yake neno "mzima" na neno "kuanguka", anasikia moja tu, na simlaumu.

Kabla ya juma kwisha, mkuu wa shule alikuwa amenipa likizo ya ugonjwa ambayo sikuiomba. Nilikatazwa kuchota maji, kupiga nyundo, kutazama mpira, na kubishana. Binti yangu wa miaka kumi na mitano, mkubwa wa watoto wetu wawili, ambaye anacheza mpira wa kikapu na ana haraka zake, aliamriwa kunisindikiza mpaka mlango wa choo. Wanakwaya wenzi wa mke wangu walikuja kuniimbia, na baada ya wimbo wa tatu niligundua kwamba zote zilikuwa nyimbo za mazishi. Nilipolalamika, walisema hizo ndizo wanazozijua vizuri zaidi.

Ningevumilia yote hayo. Mke ni mke: mnagombana, ananuna, mnakula. Lakini mke wangu alipiga simu kwao Mitwaba, na baada ya siku kadhaa lori likamshusha mama yake akiwa na mfuko wa maharagwe, kuku mmoja, na kiti chake mwenyewe.

Hapa inabidi nieleze. Kwetu sisi, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na njia ikiwa nyembamba, mwanamume anajitupa majanini mpaka mama apite. Ukiwa na neno la kumwambia, unampa mtu mwingine alipeleke, hata kama mama mwenyewe yuko pale anasikia. Nimeoa miaka ishirini, na sijui macho ya mama mkwe wangu yakoje. Miguu yake naijua vizuri.

Lupangu letu, yaani ua wa nyumba, lina ukuta wenye vipande vya chupa juu, na lango moja. Mama mkwe alilizunguka mara moja, akaona yote anayohitaji kuona, akaweka kiti chake katikati ya lango na kukaa.

"Umwambie bwana yako," akamwambia mke wangu, nami nimesimama hatua nne kutoka hapo nikimtazama kuku, "kiti hii haitatoka hapa mpaka mutima yake ipungue."

Wanasema heshima si utumwa. Aliyesema hivyo hakuwahi kuwekewa mama mkwe langoni. Nisingeweza kumruka, nisingeweza kumwomba anipishe, na kumpita kwa ubavu, nguo yangu ikigusa yake, kungekuwa ni jambo la kusimuliwa Mitwaba mpaka wajukuu wangu wazeeke. Nilikaa ndani, miguu ikinicheza chini ya meza. Sikuwa na wasiwasi juu ya moyo wangu. Niliujua, nilikuwa nimeishi nao kwenye barabara ya Kasapa kwa miaka kumi na moja, na niliona ni dharau kuupeleka kwenye mtihani kama mtoto wa shule. Nilichokuwa nataka ni kukimbia tu, na nilikuwa tayari kufanya upumbavu wowote ili nikipate.

Siku ya kumi na mbili, baba wa mwalimu mwenzangu akafa kweli, Mungu amrehemu. Kilio, ndivyo tunavyoita msiba huku, ni kitu ambacho hakuna awezaye kumzuia mtu asiende. Asiyehudhuria vilio vya wenzake, siku yake ikifika atabaki yeye na turubai tu. Mama mkwe alipopewa habari alisimama, akainua kiti chake, akageukia upande wa pili ili nipite. Mke wangu aliona hata inafaa kwa matibabu. Kwenye kilio mtu anakaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi mpaka jua liinamie, na daktari alikuwa ameagiza kukaa.

Nilikaa kwa heshima zote. Lakini wakati wa kurudi, mahali barabara inaponyooka, miguu ilianza yenyewe. Nilikimbia kilomita mbili nikiwa na suti nyeusi na tai. Nilifika nyumbani nikiwa na furaha isiyomfaa mtu aliyetoka msibani, na ndipo nikapiga hesabu.

Mfu mmoja, kwa desturi ya mji huu, ana siku zake: siku ya habari, siku ya mwili kutoka mochari, siku ya kuzika, na siku ya watu kutawanyika. Jumla nne. Ili mkimbiaji asipoteze nguvu zake anahitaji kukimbia walau mara tatu kwa juma. Majuma kumi na mawili, nikifidia na yale niliyokwisha kukaa, mara tatu ni thelathini na sita. Thelathini na sita gawa kwa nne ni tisa. Nilihitaji wafu tisa.

Nilianza na mwalimu wangu wa darasa la nne, ambaye alikuwa amekufa kweli, ila zamani. Kisha nikamuua kinyozi wangu wa ujana, na mzee mmoja aliyewahi kuniuzia baiskeli. Niliwabuni mapacha niliosoma nao, nikawaua kwa majuma tofauti, kwa sababu wangekufa pamoja ningepoteza siku nne. Nilikuwa mwangalifu: hakuna aliyefahamika shuleni, hakuna aliyekaa karibu, na wote waliishi upande wa Kasapa.

Kila mara mama mkwe aliinuka na kugeuka. Sikuweza kubeba mfuko wenye nguo nyingine, kwa hiyo nilikimbia na suti yangu, viatu vyangu vya mbio vikiwa vimepakwa rangi nyeusi ya viatu ili vionekane vya heshima. Vumbi jekundu kwenye suruali halikunipa shida, kwa sababu makaburini kuna vumbi lilelile. Jasho nililieleza kwa jua na uchungu. Siku moja nilipokaribia chuo kikuu, wanafunzi waliokuwa wakitembea taratibu waliona mtu mzima mwenye tai akipita mbio kuelekea kwenye madarasa. Mmoja akaangalia simu yake, akaanza kukimbia. Wengine wakamfuata. Nilipogeuza shingo nilikuwa naongoza watu kama thelathini, wengine wakiuliza wanaenda kufanya mtihani gani. Nilikunja kushoto nyuma ya jengo la kwanza, wao wakaendelea. Sijui walifika wapi.

Isidhaniwe kwamba nilikuwa na raha tupu. Wakati wa mfu wa sita, kwenye mwinuko, moyo wangu ulikosa pigo moja, kisha ukapiga mawili kwa pamoja. Nilikaa ukingoni mwa barabara na tai yangu shingoni, nikamkumbuka shemeji yangu juu ya mfuko wa saruji. Niliogopa sana. Niliwaza wataniokota nimevaa hivi, na mke wangu ataambiwa kwamba hapakuwa na kilio chochote. Nilirudi nyumbani kwa miguu, pole pole, nikiapa kwamba imetosha. Kesho yake ilikuwa siku ya kuzika, nikaenda.

Nyumbani, wakati huo, wafu wangu walikuwa wanaheshimiwa kuliko mimi. Mke wangu aliwaandika mmoja mmoja kwenye daftari lake la sala, na kuwaombea kila asubuhi wakati ule ambao zamani nilikuwa barabarani. Mama mkwe alimwambia binti yangu, kwa sauti ya kunifikia, kwamba watu wa baba yake wanakwisha, na kwamba moyo wa mtu hauwezi kupungua kwa huzuni ya namna hii. Akaanza kunipikia yeye mwenyewe. Sahani ililetwa na binti, yeye akiwa amegeuka.

Mfu wa nane ndiye aliyeniponza. Nilisema ni mama wa mtu niliyesoma naye, na nilipoulizwa ni nyumba gani, nikajibu bila kufikiri: Kasapa, njia ya pili, penye turubai la buluu. Nilirudi siku ile ya habari nikiwa nimekimbia vizuri. Kesho yake mke wangu akasema haiwezekani. Wafu saba wamepita na yeye hajatoa pole hata kwa mmoja, watu watasema nimeoa jiwe. Kwa kuwa nilionekana nimechoka, niliambiwa nibaki nimelala. Yeye na wanakwaya sita walipanda teksi na unga, makala na vitenge vya kufanana.

Nilikaa ndani nikisubiri mwisho wa ndoa yangu. Saa zikapita. Walirudi jua limeinama, sauti zimekauka, nyuso zimevimba kwa kulia.

Kasapa ni kubwa, na watu wanakufa kila siku. Njia ya pili ilikuwa na turubai, na lilikuwa la buluu. Walikuwa wameimba, wamepika bukari, ugali wa kwetu, wamefagia, na mke wangu alikuwa amelia hadi wenye msiba wakaja kumtuliza. Nikasimuliwa habari za marehemu wangu. Kumbe alikuwa na watoto watatu, na sukari ndiyo iliyomwua. Nilitikisa kichwa kama mtu anayejua. Mke wangu akaongeza kwamba mtoto mkubwa wa marehemu hakukumbuka kuniona jana. Nikamwambia watu walikuwa wengi. Akasema hapana, leo walikuwa wachache sana.

Nilimuua na wa tisa, bila kutaja njia wala turubai, na miezi mitatu ikatimia. Tulikwenda zahanati watatu, kwa sababu mama mkwe alitaka kuisikia hukumu kwa masikio yake. Nililala kwa ubavu, nikapakwa mafuta. Kwa mara ya kwanza niliwaza vizuri, na mwalimu wa hesabu ndani yangu akaamka akiwa amechelewa. Mtihani haukuwa wa moyo. Mtihani ulikuwa wa mapumziko, na mimi mapumziko sikuyafanya.

Milimita kumi na tatu. Daktari alipima mara tatu, kisha akaweka kifaa chini na kuvuta kiti karibu na mke wangu, na hapo nikajua anafikiri nini. Alisema kwa upole kwamba mtu akipumzika miezi mitatu na ukuta wa moyo usipungue hata kidogo, hawezi tena kuita hicho moyo wa mkimbiaji. Nitaanza dawa. Kukimbia ndiyo basi. Na kwa kuwa ugonjwa huu ni wa kurithi, watoto wawili nao waletwe wapimwe, na binti aache mpira wa kikapu kuanzia leo.

Mke wangu hakulia. Alinyoosha vidole viwili juu ya goti, akavitazama, kama anayehesabu watoto ambao hajawahi kuhitaji kuwahesabu.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilificha uzima, na mwisho wake ukawa uleule. Ningeweza kunyamaza, nikameza dawa za ugonjwa ambao labda sina, nikafa mzee mwenye heshima. Lakini vile vidole viwili sikuvimudu. Nikakaa kitandani, kifua wazi, mafuta yakinitiririka, nikageukia ukuta kwa sababu mama mkwe alikuwa upande ule mwingine.

"Umwambie mama," nikasema, "hakuna muntu mwenye alikufwa."

Mke wangu, kwa kuwa desturi ni desturi, akamgeukia mama yake aliyekuwa mita moja kutoka kwangu. "Mama, anasema hakuna muntu mwenye alikufwa."

"Umuulize, hata mumoja?"

"Anauliza, hata mumoja?"

Nikaeleza kwamba yule wa kwanza, baba wa mwalimu, alikufa. Wale tisa waliofuata, hapana, isipokuwa mwalimu wangu wa darasa la nne, naye zamani. Mke wangu akapeleka. Mama mkwe akataka kujua basi nilikuwa nakwenda wapi na suti. Swali likaja. Nikasema nilikuwa nakimbia. Jibu likaenda. Daktari aligeuza kichwa huku na huku kama anayetazama mpira wa meza, na nadhani kwa dakika nzima hakuelewa kama ni mzozo au ni sala. Mama mkwe akauliza kuhusu mapacha. Nikasema hawakuzaliwa. Mke wangu alipofika kwenye neno hilo alinong'ona.

Daktari alivua miwani, akaifuta. Alisema hawezi kupima kitu ambacho hakikufanyika. Akasema pia, bila kupaza sauti, kwamba kama moyo wangu ni ule mgonjwa, basi kila moja ya mbio zile ingeweza kuwa ya mwisho. Tuanze upya. Miezi mitatu, tangu leo.

Tulirudi nyumbani kwa mstari: mke wangu mbele, mama yake nyuma yake, mimi nyuma kabisa nikiwa nimeacha nafasi ya heshima. Langoni mama mkwe alikaa kwenye kiti chake na kutoa hukumu kupitia kwa binti yangu: safari hii, hata mtu akifa kweli, sitoki. Na nikifa mimi, nizikwe humo humo ndani.

Mke wangu hakunisemesha kwa siku nane. Siku ya tisa alinijia na daftari la sala, akaniambia nifute mwenyewe. Nilifuta majina tisa kwa kalamu, naye amesimama. Kisha akasema tunakwenda Kasapa, kwa teksi, na dereva aende taratibu.

Turubai lilikuwa limeondolewa. Mtoto mkubwa wa yule marehemu alitupokea, na mke wangu akanisukuma mbele niseme. Nikasema. Nilimwambia kwamba mama yake sikumjua, kwamba nilimbuni mfu, na mke wangu akaja kumlilia huyo marehemu kwa makosa. Nilitegemea matusi, na yangenifaa. Yule bwana alikuna kidevu.

"Tulijua hatubajue," akasema. "Lakini mama yetu alikuwa mugumvi. Bantu hawakuya. Shiye batatu, na turubai. Njo mukaya, mukaimba."

Kumbe walikuwa wamebaki wao watatu tu mpaka kwaya ilipokuja. Hakutaka tuombe msamaha. Alitaka kujua kama kwaya ingeweza kurudi kwa ibada ya kumkumbuka. Mke wangu akakubali.

Miezi mitatu ile ya pili niliifanya kweli. Nilikaa. Nilikuwa na hasira kwa kila mtu anayetembea. Niliugusa mkono wangu kila asubuhi na kuhesabu: arobaini na sita, hamsini na moja, hamsini na nane. Beseni lilikuwa linarudi kuwa kikombe, na nililisikia likirudi. Nikipanda ngazi za kanisa nilihema kama mtu mwingine. Sijawahi kuwa na huzuni namna ile, na ajabu ni kwamba nilikuwa naomba izidi, kwa sababu kila pigo lililoongezeka lilikuwa ushahidi kwa watoto wangu.

Tulipokwenda mara ya tatu, mke wangu aliomba asimame mahali ambapo angeuona moyo kwenye kioo. Aliutazama muda mrefu, mkono mdomoni. Daktari alipima mara moja, mara ya pili, akaandika, akageuza karatasi ili tuone. Kumi na moja. Ukuta ulikuwa umerudi nyuma. Ulikuwa moyo wa mkimbiaji tangu mwanzo, na sasa ulikuwa moyo wa mwalimu. Watoto waachwe wacheze. Akapiga muhuri kwenye cheti cha mbio ambazo zilikuwa zimekimbiwa zamani bila mimi.

Mama mkwe alipanda lori la Mitwaba juma lile lile. Alituma neno kupitia kwa mke wangu kwamba mimi ni mwongo, lakini nina moyo mzima, na wanaume wengi wana kinyume chake.

Asubuhi iliyofuata nilivaa kaptula. Sikuwa nimeiomba ruhusa, na sikuwa na ujasiri wa kutoka bila kuiomba, kwa hiyo nilisimama uani nikifunga na kufungua kamba za viatu. Mke wangu alitoka jikoni na kitenge begani. Nikamwambia naweza kuacha. Nilimaanisha, kwa kadiri ninavyoweza kumaanisha jambo kama hilo.

"Siku ile ku Kasapa," akasema, "ule mama sikumulilia. Nilikulilia weye. Nilikulilia yote, mpaka ikaisha."

Niliziacha kamba za viatu.

"Enda, ukimbie. Lakini machozi ya mara ya pili sina. Basi urudi."

Nilifika njia panda ya kwanza tu, mahali ambapo zamani sikuwa hata nimepata joto, nikageuka. Alikuwa bado amesimama pale pale, anahesabu kwa vidole dakika nilizokuwa nje, na nilipomfikia hakuacha mpaka akaimaliza ile ya mwisho.